Ukienda Guangzhou kufuata mzigo: jinsi ya kuingia kwenye hekalu la mtaa la wachina na kulielewa

Hii nawaandikia ndugu zangu wa Arusha na Moshi wanaoenda Guangzhou kufuata mzigo, pamoja na vijana wanaotembeza wageni wa kichina Tarangire na Ngorongoro, manake tunafanya kazi na hawa watu mwaka hadi mwaka afu hatujui hata wanamwomba nani. Unajua bei ya kontena, unajua kiwanda gani zipu zake hazikatiki, unajua bosi wa kichina lazima anywe maji ya moto hata jua liwake vipi, ila lile boksi jekundu lenye taa pale chini kwenye kona ya duka lake, lenye kisanamu cha mzee wa ndevu nyeupe na machungwa mbele yake, ukiulizwa ni la nini unajibu "mambo yao hayo". Mara nyingi yule mzee ni Tudi Gong, mlinzi wa kipande cha ardhi, kila kijiji na kila mtaa una wa kwake, na hilo boksi ni sehemu ndogo tu ya kitu kikubwa zaidi ambacho ni hekalu la mtaa. Nataka nikuonyeshe namna ya kuingia huko bila kumkera mtu, na namna ya kulisoma hekalu lenyewe, kwa sababu historia yake ipo palepale ukutani inakusubiri.

Kwanza ujue unaingia wapi. China kuna majengo ya ibada ya aina nyingi na kwa mbali yote yanafanana, paa limepinda kwenye ncha, nguzo nyekundu, moshi wa udi. Angalia herufi ya mwisho kwenye kibao cha juu ya mlango, na kumbuka vibao vya zamani vinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto kwa hiyo ya mwisho ni ile ya kushoto kabisa. Ukiona 寺 mara nyingi hapo ni kwa wabudha, kuna watawa wanaishi ndani. Ukiona 祠 ni nyumba ya kukumbuka, mara nyingi ya ukoo wenye jina moja unaoheshimu mababu zake. Ukiona 庙, au wakati mwingine 宫, hapo ndo penyewe.

Sasa hapa ndo watu wetu wanachanganyikiwa, manake sisi tumezoea kuuliza "wewe dini gani" na mtu anajibu neno moja, mlutheri, mkatoliki, mwislamu. Kwenye hekalu la mtaa hilo swali halina pa kukaa. Hakuna padri wa kudumu, hakuna ibada ya Jumapili, hakuna daftari la waumini, na ndani unaweza kumkuta Guanyin ambaye asili yake ni ya kibudha, pembeni yake mungu wa kitao, yaani wa dini ya asili ya wachina, pembeni tena jenerali wa jeshi aliyekufa karibu mwaka 220, na bibi mmoja anawapitia wote kwa zamu na vijiti vyake vya udi bila wasiwasi wowote. Hekalu linaendeshwa na wenyewe wa pale, kamati ya wazee au ukoo au chama cha wafanyabiashara, hao ndo wanakusanya hela, wanaziba paa likivuja na wanaandaa sikukuu.

Na miungu wengi wa humo wanaaminika kuwa walikuwa binadamu wa kawaida kabisa. Huyo jenerali ni Guan Yu, utamjua kwa uso mwekundu na ndevu ndefu, alisifika kwa kutomsaliti aliyeapa naye, ndo maana wafanyabiashara wanampenda sana, biashara za zamani zilikuwa zinasimama kwa neno la mtu. Hong Kong hata vituo vya polisi vina madhabahu yake. Mwingine ni Mazu, binti wa kisiwa cha Meizhou pwani ya jimbo la Fujian, inasimuliwa alizaliwa mwaka 960 akafariki 987 akiwa bado kijana, na kwamba alikuwa anawaokoa wavuvi baharini. Mabaharia wakambeba kila walikoenda, wakamjengea mahekalu kila bandari waliyofikia, na mwaka 2009 UNESCO wakaziweka imani na mila zake kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Hapa naomba usimame kidogo kwa sababu panatuhusu. Yule amiri wa kichina Zheng He, ambaye meli zake zilifika pwani yetu ya Afrika Mashariki miaka ya 1400, mwaka 1431 kabla ya safari yake ya saba na ya mwisho alisimamisha jiwe la maandishi pale Changle, Fujian, kwenye hekalu la huyuhuyu Mazu, kumshukuru kwa kuwalinda baharini. Ndani ya maandishi hayo imetajwa Mogadishu iliyotoa punda milia na simba, na Barawa iliyotoa ngamia na mbuni. Yaani wanyama ambao wageni wanalipa dola kuja kuwaona huku kwetu, majina yao yamechongwa kwenye jiwe la hekalu la kichina karibu miaka 600 iliyopita. Ukiwa unaendesha wageni wa kutoka Fujian, waambie hiyo habari mkiwa mmesimama mbele ya punda milia, uone watakavyokuuliza maswali.

Haya, maandalizi. Simu yako iwe na programu ya kutafsiri picha kabla hujaondoka, na usitegemee Google manake kule imefungwa, tumia ile ya ndani ya WeChat au Baidu. Valia kawaida ila heshima iwepo, kaptura fupi sana na vesti acha hotelini. Nenda asubuhi, siku ya kawaida utapata utulivu wa kusoma kuta. Siku ya 1 na ya 15 ya mwezi wa kichina watu wanakuwa wengi kwa sababu ndo siku za kuwasha udi, kwa hiyo ukitaka kuona watu nenda siku hizo.

Mlangoni utakuta kizingiti cha mbao au jiwe, kirefu, wakati mwingine kinafika karibu na goti. Usikikanyage. Kiruke, inua mguu upite juu yake, hata watoto wadogo wanafundishwa hivyo. Kama kuna milango mitatu, wa katikati mwachie mungu, wewe ingia wa kulia kwako na utoke wa kushoto, ule wa kulia wanauita upande wa joka na wa kushoto upande wa chui milia. Kama mlango mmoja ndo uko wazi basi pita hapohapo, hakuna atakayekuuliza.

Swali ninaloulizwa na dada zangu wa masoko ya Mbuyuni na Kilombero kila mara ni hili, je nikiingia humo si nimeabudu sanamu? Jibu langu ni kwamba kuingia na kuabudu ni vitu viwili. Hakuna anayekulazimisha kuwasha udi wala kuinama wala kula kitu. Simama pembeni, vua kofia, mikono itulie, mwenye shughuli yake mpishe apite mbele yako, na ukitaka kuonyesha heshima inatosha kuinamisha kichwa kidogo unapomsalimia mzee anayetunza pale. Mi naona heshima ya namna hiyo haimtoi mtu kwenye dini yake hata siku moja. Ukipewa udi na mwenyeji wako na dhamiri yako haitaki, mshukuru kwa mikono miwili, mwambie wewe unasali kwingine, ataelewa. Na ukiamua kuwasha, vinawashwa vijiti vitatu, moto unazimwa kwa kupunga mkono, usipulize kwa mdomo, afu vinachomekwa kwenye chetezo kikubwa cha uani.

Vingine ni vifupi. Usinyooshee sanamu kidole, onyesha kwa kiganja chote. Usiguse matunda ya sadaka. Picha uani ni ruksa karibu kila mahali, ndani uliza kwanza kwa ishara ya simu, na watu wanaosali usiwapige picha kabisa hata kama wamependeza.

Utaona mambo ndani, tulia uyaangalie. Kuna vipande viwili vya mti vyenye umbo la nusu mwezi, upande mmoja bapa na mwingine mviringo. Mimi niliwahi kumwangalia mama mmoja wa makamo, mfuko wa sokoni begani na majani ya vitunguu yametokeza, akavishika kwa mikono miwili kifuani, akanong'ona muda mrefu afu akaviachia sakafuni. Vyote viwili bapa juu. Akatabasamu kidogo, akaviokota, akanong'ona tena, safari hii taratibu kama mtu anayerekebisha swali, akavidondosha. Kimoja bapa kimoja mviringo. Hapo akashusha pumzi, akatikisa kichwa kukubali, akachukua mfuko wake akaenda. Maana yake ni hii: kimoja hivi na kingine vile ni ndiyo, vyote bapa juu ni mungu anacheka, pengine swali halijakaa vizuri, vyote mviringo juu ni hapana. Pia kuna kopo la vijiti vyenye namba, linatikiswa mpaka kijiti kimoja kichomoke, afu namba ile inatafutiwa karatasi yake ya ushauri. Watu wanauliza mambo ya mitihani ya watoto, ndoa, kuhama nyumba, mzigo. Usisogee karibu wakati mtu anauliza, ni siri yake.

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, kusoma kuta. Tafuta mawe ya maandishi, yanakuwa yamesimama au yamejengewa ukutani kwenye korido za pembeni, mara nyingi yamefifia na watu wanayapita tu. Yale ndo kumbukumbu za hekalu. Juu panaeleza nani walijenga na kwa nini, labda mafuriko, labda ugonjwa, labda meli ilinusurika, na chini yake yanafuata majina kwa mistari, fulani katoa kiasi kadhaa, duka fulani kiasi kadhaa, kijiji fulani kiasi kadhaa. Ni sawasawa na listi ya michango ya harusi kwenye grupu la WhatsApp, jina na kiasi, ila hii imechongwa kwenye jiwe na haifutiki. Soma nani katoa kingi na nani katoa kidogo, utamjua aliyekuwa na nguvu pale mtaani. Ukiona majina mengi ya maduka ujue lilikuwa hekalu la wafanyabiashara, ukiona wengi wana jina moja la ukoo ujue kijiji kile ni ndugu.

Afu tafuta tarehe. Kengele ya chuma, chetezo, nguzo, boriti ya juu, kila kitu kilichotolewa zawadi kinaandikwa mwaka. Ila mwaka wenyewe umeandikwa kwa jina la utawala wa mfalme, simu itakutafsiria "mwaka wa 20 wa Guangxu" na wewe utabaki umeduwaa. Hesabu yake ni rahisi. Ukiona Guangxu jumlisha 1874, kwa hiyo huo wa 20 ni 1894. Daoguang jumlisha 1820, Qianlong jumlisha 1735, Kangxi jumlisha 1661. Ukiona 民国 ni kipindi cha jamhuri, jumlisha 1911. Ziandike hizo namba kwenye simu, na hapohapo utakuwa unajua kitu ambacho wageni wengi wanatoka bila kukijua, kwamba kengele ni ya mwaka huu, paa lilirudiwa mwaka ule, na chetezo ni cha juzi tu.

Ukifanya hivyo kwenye mahekalu kadhaa utaanza kuona pengo. Vitu vya zamani vipo, vipya vipo, katikati kimya. Miaka ya 1966 mpaka 1976, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kufuta mila za zamani, mahekalu mengi yalivunjwa au yakafungwa yakageuzwa maghala na madarasa, sanamu zikachomwa, na ziko zingine ambazo wanakijiji walizificha nyumbani. Kuanzia miaka ya 1980 yakaanza kurudishwa, na ukisoma mawe mapya utakuta majina ya watu wa Hong Kong, Singapore, Malaysia, yaani watoto na wajukuu wa waliohama walituma hela kijijini kwa babu ili hekalu lisimame tena. Mimi mawe hayo mapya nayathamini kuliko ya zamani, kwa sababu wale waliochangia wengi wao hawakuishi pale.

Mbele ya hekalu kukiwa na jukwaa linaloangalia mlango, usidhani ni la mikutano. Ni la opera, na opera inachezwa kwa ajili ya mungu, yeye ndo mgeni rasmi, watu wanatazama pamoja naye. Siku ya sikukuu sanamu inatolewa nje, inabebwa kwenye kiti inazungushwa mitaani, na njia inayopita ndo mpaka wa mtaa wenyewe, nyumba iliyopitiwa iko ndani na isiyopitiwa iko nje. Ukitaka kujua mtaa wa kichina unaanzia wapi na kuishia wapi fuata msafara huo, ramani ya serikali haitakuonyesha.

Sasa uende lipi. Kwa Guangzhou nakuelekeza moja tu, Nanhai Shenmiao, hekalu la mungu wa bahari ya kusini, liko Huangpu. Wengi wetu tunafikia Xiaobei, basi panda metro laini ya 5 pale Xiaobei mpaka Yuzhu, badilisha laini ya 13, shuka kituo chenye jina la hekalu lenyewe. Kuna kiingilio. Lilianzishwa mwaka 594, na lilikuwa la serikali kwa maana wafalme walikuwa wanatuma wajumbe kuleta sadaka, ila mabaharia na wanavijiji wa pembeni walilifanya lao. Nje kuna lango la mawe lenye maneno manne, maana yake bahari isiinue mawimbi. Siku hizi ukisimama hapo maji yako mbali, lakini zamani vyombo vilikuwa vinatia nanga mbele ya hekalu na mabaharia waliokuwa wanaondoka Guangzhou kwenda mbali walikuwa wanapita hapo kuomba. Ndani kuna mawe mengi sana, lipo hadi la mwaka 820 lenye maandishi ya Han Yu, mwandishi maarufu wa kichina wa zamani, kwa hiyo simu iwe na chaji.

Ila mimi nataka umtafute mtu mmoja. Ni sanamu ya mgeni, uso mweusi, amevaa nguo za kichina, mkono ameuinua juu ya macho kama mtu anayetazama mbali kwenye jua. Inasimuliwa kwamba zama za ufalme wa Tang, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, alikuja kwa meli kutoka nchi iliyoitwa Boluo, upande wa India, akaja na mbegu za mafenesi, akazipanda hapo hekaluni, na alivyokuwa ananogewa na mandhari meli ikang'oa nanga ikamwacha. Akawa anakaa ufukweni anaangalia bahari na kulia mpaka akafa. Wenyeji wakamzika kwa heshima, wakamchongea sanamu, wakampa cheo, wakamweka ndani ya hekalu lao, na mpaka leo wenyeji wanaliita hekalu la Boluo, hivyohivyo kama wanavyoliita fenesi. Fikiria ni mtu wa mbali, hana ndugu pale, hana lugha, amekuja na biashara yake na kaachwa na usafiri. Wewe ambaye umewahi kukwama kule mzigo haujatoka na viza inakaribia kuisha, nenda kamwangalie huyo jamaa usoni.

Kama safari yako inapita Hong Kong, hekalu la Man Mo pale Hollywood Road linatosha, ni la 1847, udi uliosokotwa kama springi unaning'inia kutoka kwenye dari na kila mmoja una karatasi nyekundu ya aliyeulipia. Kwenye jengo la pembeni yake wachina walikuwa wanasuluhisha kesi zao wenyewe, hawakutaka kwenda mahakama ya waingereza. Mwaka 1908 hekalu likakabidhiwa kwa Tung Wah, taasisi ya hospitali iliyoanzishwa na wafanyabiashara wa kichina 1870, na hela za udi zilikuwa zimeshaanza kusomesha watoto bure tangu 1880. Kwa Singapore nenda Thian Hock Keng, Telok Ayer, lilijengwa 1839 mpaka 1842 na wahamiaji wa Fujian kumshukuru Mazu kwa kuwavusha salama, mfadhili wake mkubwa alikuwa Tan Tock Seng, huyohuyo aliyejenga hospitali yenye jina lake. Mtu akishuka melini hana kitu, hapo ndo alikuwa anaenda kutafuta wa kwao.

Mwisho, muda wa kwenda. Sikukuu ya hekalu la Boluo ni siku ya 11 mpaka ya 13 ya mwezi wa pili wa kichina, kwa kalenda yetu mara nyingi inaangukia mwezi wa tatu, na ni wakati mzuri kwa sababu viwanda vinakuwa vimeshafungua baada ya mwaka mpya wao. Linakuwa gulio kubwa, vijiji vya jirani vinawaleta watoto watano wa mungu wa bahari kuja kumsalimia baba yao, kila mmoja amebebwa na kijiji chake kwa ngoma na bendera. Wanauza jogoo wa karatasi wenye manyoya ya kweli, chukua mmoja ni zawadi nzuri na hana uzito kwenye begi. Siku ya 13 ndo kilele, msongamano wake usipime, kwa hiyo kama una watoto au hupendi kusukumana nenda ya 11 asubuhi, ukimaliza panda metro urudi uendelee na mzigo wako.